Chungu Kikavu cha Mweka Mbegu

Kijijini kwetu Umwe tulimwita Mweka Mbegu, na alipokuwa karibu tulimwita bibi. Alizaliwa wapi na kwa nani sikuuliza, na waliojua hawakunisimulia. Nilichojua ni kazi yake. Aliweka mbegu ya kunde ya kijiji kizima, na mwaka wa njaa, baada ya vita vya Maji Maji, ilikuwa juu ya vyungu vyake tupande au tufe. Tulipanda, tukala. Hakuna aliyemshukuru, wala mimi. Sababu yake nitaisema, lakini kwanza nimweleze alivyokuwa, kwa maana ukiisikia habari yake bila kumjua utadhani alikuwa mtu mwema aliyeonewa, au mtu mbaya aliyepata haki yake. Sijui ni lipi, na nimekuwa nalifikiri jambo hili tangu nikiwa mwanamke kijana.

Alikuwa mrefu kuliko wanaume wengi, mkavu wa mwili, na kitu cha kwanza ulichokiona kwake ni meno. Kunde ikishaanikwa, aliitia mdomoni akaiuma kwa jino la pembeni. Ikipasuka, ka! imekauka. Ikibonyea na kuacha alama ya jino, irudi juani. Hakukubali uiume wewe kisha umwambie. Aliuma mwenyewe, kutoka kila jamvi na kila pembe ya jamvi, kwani alisema pembe ya kivulini ni shamba jingine. Jino moja lilimvunjikia katika kazi hiyo, akahamia upande wa pili bila kulalamika. Mara ya kwanza kumwona, nami bi arusi mgeni niliyetoka milimani kwa Wamatumbi, nilidhani bibi huyu ana njaa na anadokoa vya watu. Nikamnong'oneza mume wangu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Watu hudhani kunde ni kunde. Unachota kiganja kutoka shamba moja na mavuno mamoja, unaziona zote rangi moja, unazipanda. Nusu zinaota, nusu zinaoza, nawe unalaumu ndege au jirani mwenye husuda. Yeye hakulaumu jirani. Alikaa ukumbini amenyoosha miguu, akalifungua ganda kwa kidole gumba, akazitazama kunde zilivyojipanga humo ndani. Ile ya nchani aliitupa kwenye kapu la kupika, na ile ya kwenye kikonyo vilevile. "Hii imefika mwisho, wenziwe wameshakula," alisema. Alibakisha za katikati. Hata hizo si zote, maana ganda lililoiva mapema, mche ungali na nguvu, lilikuwa la mbegu, na lile la mwisho, lililoiva majani yameshaanza kupukutika, lilikuwa la jikoni. Zile nono zilizomeremeta, ambazo sisi wengine tungezichagua kwanza, alizitilia shaka. Alisema zimejaa maji tu, na zitakuwa za kwanza kuvunjika.

Kupura kwa fimbo alikataza kabisa. Shemeji yangu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, alichoka kupukuchua kwa vidole, akatandika kunde uani akaanza kuzitwanga kwa fimbo akiimba. Mweka Mbegu akatokea, akamnyang'anya ile fimbo, akamchapa nayo mgongoni mbele ya mkewe. Tukaduwaa.

"Umepasuka?" akamwuliza.

"Sikupasuka, bibi."

"Umeumia?"

"Nimeumia! Mbona wanipiga?"

"Na hizo ndivyo hivyo. Huoni ufa, lakini zimeumia."

Akazitia kunde chache katika kata ya maji, zile zilizopurwa pamoja na nyingine zilizopukuchuliwa kwa vidole, tukakaa kuziangalia. Zilizopigwa zilikunjamana na kuvimba upesi. Zile nyingine zilikaa kimya chini ya maji kana kwamba hazina haraka. Shemeji akaona, ila hakumsalimia tena mpaka mwezi ulipoandama, na sisi wanawake tulicheka kisimani kwa siku nyingi.

Mbegu zikishachaguliwa, alizichanganya na majivu yaliyochekechwa, akazitia chunguni, akafunika na kuziba kwa udongo wa kichuguu. Vyungu vilikaa juu ya uchaga, katika chumba ambacho moto wake ulifuka moshi mchana kutwa. Mwenye mikono mibichi hakuvuka kizingiti kile. Hata aliyetoka kutawadha alisubiri akauke. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyezuiwa vivyo hivyo, aliwahi kumtania kuwa anaogopa maji kuliko anavyomwogopa shetani. Akajibu kwamba shetani hajawahi kumwozeshea chungu.

Ukali wake ulikuwa na sababu. Sisi wa bondeni tunalima mlao. Mto ukishafurika na kurudi nyuma, tunapanda kwenye tope lililobaki, mbio mbio, kabla halijakauka. Mbegu ikikataa, tope linapasuka, jua linachoma, na hakuna kupanda tena. Mtu wa nchi kavu anaweza kubahatisha na mvua ya pili, mtu wa mlao hana cha kubahatisha. Kwa hiyo mwanamke aliyeweka mbegu alikuwa ameshika shingo za watu, na yeye alilijua hilo na wakati mwingine aliringa nalo.

Alikuwa mchoyo. Siogopi kulisema. Mgeni kwake alipewa uji mtupu, na chumvi hukuazima. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza aliniletea kunde za kupika, na zilikuwa zile za nchani, zimesinyaa. Lakini mbegu alimpa kila mtu. Alimpa hata mnyapara wa jumbe, mtu aliyempiga ndugu yake bibi teke hadharani. Nilimwuliza anawezaje. Akaniangalia kama mjinga. "Nikimnyima atapanda takataka zenye wadudu," alisema, "na wadudu wake watalala kwangu." Na ukirudisha mbegu baada ya mavuno, alizimwaga kwenye ungo akazipekua mbele yako, na kama si safi kuliko alizokupa, alizimwaga njiani kuku wazile. Watu wameondoka pale wakilia.

Kwa mwanawe alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana mrefu kama yeye, mpole wa maneno, mwenye sauti ambayo mtu ungependa ikusomee dua. Yeye aliingia chumba cha vyungu apendavyo. Alikula alichotaka. Akichekacheka naye, bibi yule aliyetisha wanaume alikuwa analainika mpaka unaona haya kumtazama. Mume wangu alikuwa rafiki yake. Walijenga pamoja dungu letu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunamokaa shambani kulinda mazao, na walipokuwa juu huko wakikaza kamba, vicheko vyao vilifika mpaka kwetu jikoni.

Kisha pamba ikaja. Serikali ya Mdachi ilitaka pamba, na jumbe alipewa shamba ambalo sote tulilazimika kulilima. Sitaeleza sana taabu yake, waliokuwapo wanaijua. Nitaeleza jambo moja tu. Kazi ya pamba ilitukuta kunde za mchangani, za mashamba ya nje ya mlao, zimekauka kwenye mche, na kunde haisubiri. Mvua ikiinyeshea baada ya kukauka, ganda linafura, linakauka tena, ngozi ya mbegu inafifia. Unaweza kuianika mpaka ichoke, imeshazeeka ndani. Kwa hiyo siku moja asubuhi mawingu yalijikusanya upande wa Chumbi, na mwanawe akaacha mstari wa pamba akaenda kumsaidia mama yake kuchuma. Askari walimfuata huko huko shambani kwa mama yake. Walimlaza kifudifudi, wakampiga kiboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, mama yake amesimama na kapu mkononi. Walipokwisha, mvua ikanyesha. Nusu ya kunde zile zilikuwa bado zimo kwenye mche.

Jioni nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta anazitenga, zilizochumwa kabla ya mvua mbali, zilizonyeshewa mbali. "Hizi hazitafika mwakani," akaniambia, akionyesha zile za pili.

Kijana akaondoka na mgongo wake haujapona. Alikwenda kusini, milimani kwetu, na aliporudi alikuwa amebadilika. Alikuja kama mjumbe wa dawa. Mnajua dawa ile: maji yaliyotiwa uganga, ukinyunyiziwa risasi ya Mdachi haikudhuru. Aliyasema kwa sauti ile ile ya dua, na sisi tuliochoka kupigwa tulimwamini kwa moyo mweupe. Sharti lake lilikuwa kubwa. Kila mtu na kila kitu cha mtu kipate dawa, asibaki hata mmoja, maana anayejificha ameivunja kwa wote.

Watu walinyunyiziwa. Majembe yalinyunyiziwa, mikuki, milango ya nyumba. Ndipo mzee mmoja, jirani yetu wa upande wa mto, akauliza, "Na mbegu je? Mdachi akichoma nyumba, tutakula nini? Zipewe nazo, moto usizishike." Ikaonekana ni neno la busara. Watu wote wakageuka kumtazama Mweka Mbegu.

Nilikuwa nimesimama karibu. Nilijua angekataa. Mwanamke aliyemzuia mwalimu wa chuo kizingitini kwa sababu ya mikono mibichi hawezi kufungua vyungu vyake vitiwe maji. Lakini alimtazama mwanawe, akaingia ndani, akavitoa kimoja kimoja, akabandua udongo kwa kucha zake mwenyewe. Mwanawe akachovya kitawi, akanyunyizia chungu baada ya chungu, huku mama ameshika kifuniko. Matone yaliingia kwenye majivu na majivu yakageuka meusi. Sisi tulipiga vigelegele. Nami nilipiga, tena kwa sauti. Alifunika tena, akaziba. Tulisema tazameni imani ya mama huyu, hata yeye.

Vita sitavisimulia, mimi nilivisikia tu kutoka msituni. Mume wangu alitoka na wenzake asubuhi na mapema, kichwa kimefungwa kitambaa, ana furaha ya mtu aendaye harusini. Aliyerudi kutuambia alisema walikwenda mbele wakipaza sauti, na mume wangu alikuwa mstari wa kwanza, na bunduki ya mtambo ilipoanza hakupata hata kugeuka. Mjumbe wa dawa alishikwa siku za mbele, akatiwa kamba shingoni penye boma. Kisha askari wakaja kwetu. Kutoka upande wa Kibiti tuliona moshi ukisogea, kijiji hadi kijiji, na sisi wanawake tukafukia vyungu kwenye shimo la mchanga, tukakimbia na watoto. Eda yangu niliikalia porini, nikihama na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Walichoma nyumba, maghala, madungu, wakafyeka hata migomba. Tulikula mizizi ambayo huchemshwa na kumwagwa maji, kuchemshwa na kumwagwa tena, na aliyekosa subira alikufa nayo. Yule mtoto wangu wa mgongoni alikufa bila ya sumu yoyote. Alikwisha tu.

Mto ulifurika mwaka uliofuata kama kawaida yake, haukujua kitu. Ulipoanza kurudi, tuliobaki tulitoka msituni na kwenda kusimama ukingoni. Tope lilikuwa jeusi, zuri, pana, na hakuna aliyekuwa na punje. Tukamwendea Mweka Mbegu. Naye alikuwa amekonda kama sisi, kavaa gunia. Tulifukua vyungu.

Harufu ilitutangulia. Vingine vilikuwa vimeota ukungu, kunde zimeshikana bonge moja, ukilivunja ndani ni unga wa kijani. Vingine vilionekana vizima. Zile za juu zilizopata tone moja au mbili, ukiziangalia, huwezi kusema zina ubaya gani. Aliziuma, akazitema. Tukazipanda, maana tungefanya nini? Tukangoja. Zilikuwa zimechanganyika na zile zilizonyeshewa mvua siku ya kiboko, alizoziweka pembeni kwa kuwa nzuri hazikutosha, na zilizopata unyevu chunguni, na zilizopata vyote viwili. Hapa mche mmoja, mbele hatua nyingi hakuna, kisha mmoja mwembamba wenye jani limejikunja. Wakaanza kubishana. Wengine walisema ni mchanga wa shimo, wengine ni uchawi wa mnyapara, mzee yule jirani alisema mto umechafuliwa na damu. Hakuna aliyesema dawa. Tungelisemaje hilo, na waume zetu walikuwa wamekufa nayo mwilini?

Tope lilikuwa linaanza kupasuka pembeni.

Ndipo siku moja, jua limeshachomoza, tukamwona anatoka upande wa makaburini na chungu kichwani. Makaburi yetu yako juu, mahali ambapo mto haufiki, na mchanga wake ni mkavu kuliko mahali pote. Alikuwa amekizika pale kando ya mumewe, mahali ambapo askari hawachimbi na jirani hachimbi. Hakupita nyuma ya nyumba. Alipita katikati ya kijiji, polepole, akakitua mbele yetu ukingoni, akabandua kifuniko. Majivu yalikuwa meupe. Aliuma moja, na sote tulisikia ilivyopasuka.

Alijua anachofanya. Hilo nililiona usoni mwake. Angeweza kula kunde zile peke yake gizani na kuishi, au kukiacha kilipo na kufa na heshima yake.

Watu waliingiza mikono. Kwanza waligawana, tena kwa fujo, wakakimbilia kwenye tope. Kila mtu alipokwisha kupata fungu lake ndipo yule mzee aliyeomba mbegu zinyunyiziwe akarudi, akasimama mbele yake na kunde zake zimefungwa kwenye pindo la nguo.

"Hiki kilipata dawa?"

"Hakikupata."

"Kiliachwa kwa kusahauliwa?"

"Hakikusahauliwa. Nilikiacha."

Mzee alikuwa amepoteza wana wawili. Akakaa chini pale pale kwenye tope, akaweka mikono kichwani. Na neno likatembea kutoka kwa mtu hadi mtu, hata kabla kunde hazijafukiwa. Kumbe ni yeye. Sharti lilisema asibaki hata mmoja, na mama mzazi wa mjumbe alificha chungu. Kumbe ndiyo maana risasi zilipita. Wanaume wetu walikwenda na dawa iliyotobolewa nyumbani, na aliyeitoboa ni huyu, kwa choyo chake cha mbegu.

Nililiamini neno hilo. Sioni haya kulisema, sote tuliliamini, na ulikuwa ni msaada kuliamini, kwa sababu kabla ya hapo hatukuwa na mtu wa kumchukia aliye karibu. Hakujitetea. Alikaa kwenye kibanda chake cha makuti, hakuna aliyempelekea moto wala maji, na kunde zake zilitambaa kwenye bonde lote, kijani kizito ambacho hatujapata kukiona tena. Zile kunde ndizo zilizomwokoa binti yangu. Tulimwacha akae mpaka zilipoiva na mbegu mpya ikachaguliwa, kwa maana tulimhitaji aichague. Aliichagua, kwa uangalifu ule ule, akatupa za nchani. Kisha wazee wakamwambia aondoke. Akachukua kata na jamvi lake akaenda, na hakugeuka, na wanawake walimwaga majivu kwenye nyayo zake.

Miaka ilipita mingi. Binti yangu aliolewa kisiwani Mafia, akapata mimba ya kwanza, nami nikateremka mpaka Nyamisati kutafuta chombo cha kuvukia. Maji yalikuwa yametoka, tukaambiwa tusubiri yajae. Nilikwenda kutafuta kivuli nyuma ya marundo ya boriti za mikoko, kwenye vibanda vya wakataji, na pale kwenye jamvi, amelala ubavu, nikamwona. Nilimtambua kwa urefu wake. Wakataji walikuwa wanamlisha wakikumbuka, kwa kuwa zamani aliwapikia. Hakuwa na jino hata moja.

Ningeweza kupita. Nilikuwa na maneno ndani yangu kwa miaka yote ile, ndiyo maana nilikaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani?" Nikamwambia ni nani, mke wa nani. Kisha akauliza, "Mnapanda?"

"Tunapanda zile zile. Zinaota."

"Na mwanangu? Wanamtaja?"

"Kila tukisoma hitima anatajwa wa kwanza," nikasema kwa hasira. "Watoto wanaitwa jina lake. Wanasema alikuwa mkweli, mama yake ndiye aliyemponza. Wanasema ungefungua vyungu vyote angekuwa hai, na mume wangu angekuwa hai. Nami nasema hivyo hivyo, bibi. Nimesema hivyo kila siku niliyolala peke yangu."

Hakuudhika. Alinyoosha mkono akanishika nguo, mkono mwepesi hauna uzito.

"Ni yeye aliyeniambia," akasema.

"Nani?"

"Mwanangu. Asubuhi ile, kabla hajawakusanya. Aliingia chumbani kwangu akafunga mlango. Akasema, mama, watakuomba uvifungue, vifungue, usiniaibishe. Lakini kimoja kiweke kikavu, ukifiche, hata mimi usinionyeshe."

Sikuelewa, au sikutaka. "Alikuwa anajua kwamba dawa ni ya uongo?"

"Hakuwa anajua. Alikuwa anaogopa. Aliiamini akiwa mbele za watu, alipokuwa peke yake na mimi aliogopa. Alilia, mwanangu. Alikuwa ameshawanyunyizia watu wa vijiji vingine huko alikopita, angerudi vipi nyuma?" Akapumzika. "Kwa hiyo niliposema nilikiacha mimi, nilisema kweli. Sikusema tu ni nani aliyenituma. Amekufa kwa kamba, nisimwachie hata jina?"

Wakataji walikuwa wanashusha boriti, zikigongana. Nilikuwa na swali moja tu, na sikutaka kuliuliza, nikaliuliza.

"Ulikuwa umeshajua haya siku mume wangu alipoondoka?"

"Nilijua."

"Ulimwona akiondoka?"

"Nilimpita uani kwako. Anafunga kitambaa kichwani. Aliniamkia." Macho yake yalikuwa mekundu na makavu. "Nikamwitikia."

Nilisimama. Niliondoka mpaka kwenye marundo ya boriti, nikasimama pale nimeshika mti mmoja kwa mikono miwili, na nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia alipokuwa ni mvunja dawa tu. Neno moja lake uani kwangu, na watoto wangu wangekuwa na baba. Chungu chake kimoja, na binti yangu alikuwa hai, ana mimba, ananingoja ng'ambo. Nilivipima vitu hivyo viwili pale, na mpaka leo sijapata kimoja kinachozidi.

Nyuma yangu nilimsikia anakohoa, kikohozi cha mtu ambaye hajala tangu jana. Hakuna mkataji aliyegeuka. Nikafungua mzigo wangu, nikatoa unga niliokuwa nampelekea binti yangu, nikaomba moto, nikakoroga uji mwepesi. Nikarudi, nikamwinua kichwa nikakiegemeza pajani pangu, nikaanza kumlisha kwa kijiko. Maji ya bahari yalikuwa yanarudi kwenye mifereji ya tope na watu walikuwa wananiita nipande chomboni.

Alimeza mara ya kwanza, ya pili. Kisha akashika mkono wangu wenye kijiko.

"Utawaambia?"

"Nyamaza, bibi," nikamwambia. "Kula."